Kifuko cha kijeshi cha majeraha kikipelekwa porini: cha kubakiza, cha kuongeza, cha kutoa

Vifuko vya majeraha wanavyouziwa wapanda milima, wawindaji na wasafiri wa nyikani karibu vyote vina asili moja: kile kifuko anachovaa askari kiunoni. Ukikifungua unakuta tonikweti, yaani mkanda wa kukaza wenye kijiti cha kusokotea, shashi iliyotiwa dawa ya kugandisha damu, bendeji ya kubana, vibandiko viwili vya kifua, mkasi wa kukatia nguo, glavu, blanketi jembamba linalong'aa, na kalamu ya wino usiofutika. Vingine vinaongezewa sindano ndefu ya kutoa hewa kifuani na mrija wa kupitisha puani. Uzito wake ni kama nusu kilo. Ni vifaa vizuri, na vingi vimepita kwenye majaribu ya vita ambayo sanduku la kawaida la huduma ya kwanza halijawahi kuyaona.

Sisi tumekitazama kwa swali moja tu. Mtu amechomwa na kitu kikaingia ndani ya mwili: kijiti cha mti kilichovunjika, pembe ya mnyama, ncha ya shoka la barafu, mshale, au kisu chake mwenyewe kilichoteleza. Hospitali iko mbali, mwendo wa siku moja au mbili. Je, kifuko hiki kinamtosha? Jibu letu ni kwamba dakika kumi za mwanzo kinazimudu vizuri sana, halafu kuanzia saa ya pili kinakuacha mikono mitupu. Hatuwalaumu watengenezaji. Kimeundwa kwa ajili ya mtu anayetarajiwa kufikishwa upesi kwa daktari wa upasuaji, kwa hiyo hakina cha kuoshea kidonda, hakina cha kushikilia kitu kilichokwama mwilini, hakina dawa, na shashi yake ni ya kutumika mara moja ikaisha. Porini, majeruhi akishanusurika na damu, bado ana baridi ya usiku, uchafu ulioingia pamoja na ncha, na safari ndefu ya kubebwa.

Tuanze na tonikweti, maana ndiyo kifaa kinachoghushiwa kuliko vyote. C-A-T na SOF-T Wide ni miongoni mwa zile zilizopendekezwa na kamati ya tiba ya vitani ya jeshi la Marekani, na zote mbili zinafaa. Tatizo ni nakala bandia, hasa za C-A-T: kwa macho hufanana na ya kweli, lakini kijiti chake hupinda au kukatika unapofika mzunguko wa mwisho, ambao ndio hasa wa kuzuia damu. Nunua kwa mtengenezaji au kwa wakala wake anayejulikana. Bei ikiwa chini kupita kiasi, acha. Tena usifanyie mazoezi kwa ile utakayoibeba, kwa sababu kukazwa mara nyingi huchosha mkanda na velkro. Nunua nyingine ya mazoezi na uiandike hivyo kwa herufi kubwa.

Matumizi yake yana makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuanza kuzungusha kijiti kabla mkanda haujavutwa ukashika. Funga sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, usiweke juu ya goti wala kiwiko, kisha vuta mkanda kwa nguvu zako zote mpaka ncha za vidole vitatu zisiweze kupenya chini yake. Hapo ndipo uzungushe. Ukiona umepita nusu-mizunguko mitatu na damu bado inatoka, mkanda ulikuwa umelegea: fungua, vuta, anza upya. Mfukoni mwa suruali kukiwa na simu au funguo, ondoa kwanza, la sivyo mgandamizo unaishia juu ya kitu hicho. Unajua imefanya kazi pale damu inapokoma na mapigo ya mshipa chini yake, kwenye kifundo cha mkono au juu ya unyayo, hayasikiki tena. Majeruhi atalalamika kwamba inauma sana. Ndivyo inavyopaswa kuwa, na si sababu ya kulegeza. Paja nene huenda likahitaji tonikweti ya pili, iwekwe kando ya ile ya kwanza kwa upande wa juu.

Kosa la pili ni kulegeza kila baada ya muda fulani "ili mguu upate damu". Ushauri huu wa zamani bado unazunguka, na ni hatari: majeruhi hupoteza damu kidogo kidogo, na donge lililokwisha kuganda hung'oka kila mara. Ama imekazwa, ama imebadilishwa kwa njia nyingine kwa utaratibu unaoeleweka.

Utaratibu huo ndio ambao karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya kifuko huuruka, na porini ndio unaoamua kama mguu utabaki. Andika saa ya kukaza, juu ya mkanda wenyewe na kwenye ngozi. Kadiri muda unavyopita saa mbili, hatari ya misuli na neva kufa inaongezeka, na porini saa mbili hupita hata kabla ujumbe wa kuomba msaada haujajibiwa. Kwa hiyo, ndani ya muda huo jiulize: je, majeruhi ana akili zake timamu, mapigo yake hayaendi mbio, na mguu haujakatika? Je, unaweza kukaa ukikiangalia kidonda bila kuondoka? Kama majibu yote ni ndiyo, shindilia shashi ndani ya kidonda, gandamiza, funga bendeji ya kubana, kisha legeza tonikweti polepole huku ukitazama. Iache palepale ikiwa imelegea, tayari kukazwa. Damu ikirudi, kaza na uandike saa mpya. Ikishapita saa sita tangu ikazwe, usiiguse. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Lakini kidonda cha kutobolewa mara nyingi hakihitaji tonikweti. Inahitajika pale damu inaporuka kwa mapigo, inapotiririka bila kukoma, inapolowanisha nguo na kuchuruzika, au inapokusanyika dimbwi chini ya mtu. Tundu linalotoa damu kidogo na kuacha, hata kama ni refu, linakudai vitu vingine kabisa, na hivyo ndivyo kifuko hiki kimevikosa.

Shashi ya kugandisha damu ni sehemu bora ya kifuko, na ndiyo inayoharibiwa kirahisi zaidi. Kuna jamaa mbili. QuikClot Combat Gauze ina kaolini, aina ya udongo unaoamsha mfumo wa kuganda wa mwili wenyewe; inakuja imekunjwa kwa mtindo wa kwenda na kurudi, upana wa sentimita 7.5 na urefu wa mita 3.7. Celox ina kitosani, inayotokana na magamba ya kamba wa baharini na jamaa zake, na hujinasisha na chembe za damu bila kungoja mfumo wa mwili. Tungechagua ya kitosani kwa msafiri anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa mtu mwingine yeyote, ile inayopatikana ikiwa haijapitwa na tarehe inatosha. Ukikutana na dawa ya zamani ya unga wa zeolaiti, usiinunue hata kama ni ya bure. Ilikuwa ikitoa joto hadi kuunguza nyama, ndiyo maana ikaachwa.

Kuilaza shashi hii juu ya kidonda na kubana hakuna faida kubwa kuliko kitambaa safi. Inafanya kazi ikigusa mshipa unaovuja. Futa damu iliyojaa tundu, ingiza kidole kimoja ukitafuta mahali joto la damu linapotokea, bana hapo hadi mfupani, na kwa mkono mwingine lisha shashi chini ya kidole hicho, sentimita chache kila mara, kidole kimoja kikishindilia wakati kingine kinaleta. Usiachie mgandamizo hata nukta moja kati ya kidole na kidole. Endelea mpaka tundu lijae na shashi isimame sentimita kadhaa juu ya ngozi, kisha weka viganja vyote viwili na uzito wa mwili, dakika 3 kamili kwa saa. Kwa shashi ya kawaida, dakika 10. Usiinue kuchungulia. Ikiwa damu bado inapita pembeni baada ya hapo, ongeza shashi juu ya ile ya kwanza na ugandamize tena. Ile ya kwanza uing'oe tu kama ni dhahiri haikufika kwenye mshipa. Karatasi ya pakiti itunze iende na majeruhi, daktari ajue kilichomo ndani ya kidonda.

Hapa kuna jambo ambalo maelezo ya pakiti hayalisemi. Vidonda vya porini mara nyingi huwa na mlango mwembamba kuliko kidole: mwiba mkubwa, ncha ya mshale, kijiti. Shashi haiingii huko, na kuilazimisha kwa kijiti au kibano ni kuongeza madhara. Kwa tundu la namna hiyo, ncha za vidole viwili zilizobanwa juu ya mlango wenyewe, juu ya kipande kidogo cha shashi kilichokunjwa kikawa kigumu, hushinda kiganja kizima, kwa sababu nguvu yote inakwenda mahali pamoja. Halafu funga kipande hicho hapohapo kwa bendeji. Ukiona uvimbe unakua chini ya ngozi ilhali nje damu imekoma, mtu anavuja kwa ndani; kama ni mkono au mguu, sasa tonikweti ina sababu.

Mahali pa kushindilia ni mikono na miguu, pamoja na kinena, kwapa na chini ya shingo, kule ambako tonikweti haifiki au haiwezekani. Kifuani na tumboni usishindilie kamwe. Huko hakuna mfupa wa kugandamizia, ni uwazi. Shashi yote itapotelea ndani na damu itaendelea. Kwa jeraha la tumbo linalovuja ndani, pori halina tiba isipokuwa kumwahisha mtu, na ni afadhali uamuzi huo ufanyike katika nusu saa ya kwanza kuliko kesho yake asubuhi.

Bendeji ya kubana, ile ya Kiisraeli yenye kishikizo cha plastiki au zinazoiga, inastahili sifa. Kishikizo kinakaa juu ya kidonda, unapitisha bendeji ndani yake, unageuza mwelekeo, na mgeuko huo unasukuma kishikizo chini. Chukua ya upana wa sentimita 15 kwa paja na bega, ya sentimita 10 kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba inanyumbulika sana, na mtu mwenye hofu huivuta mpaka mwisho. Ikikaza kiasi cha kuzuia damu inayorudi moyoni lakini si ile inayokuja, mguu unavimba, unakuwa wa zambarau na kidonda kinavuja zaidi kuliko mwanzo. Baada ya kufunga, bana ukucha wa kidole cha chini yake hadi uwe mweupe na uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Rudia kila nusu saa, kwa sababu mguu huendelea kuvimba na bendeji iliyokuwa sawa jioni huwa imebana usiku wa manane.

Vibandiko vya kifua huja viwili, na viwili ndivyo vinavyotakiwa: kitu kilichoingia mbele huenda kilitokea mgongoni au kwapani, na usipopitisha mkono kote hutajua. Chukua vyenye vali, kama HyFin Vent, vinavyoruhusu hewa kutoka bila kuingia. Visivyo na vali vina hatari yao: vinaziba tundu, hewa inayovuja kutoka kwenye pafu haina pa kutokea, inajikusanya na kuanza kusukuma moyo na pafu la pili. Kama huna chenye vali, kuliacha tundu wazi au kulifunika kidogo kwa shashi kavu isiyoziba ni salama kuliko kulibandika plastiki pande zote. Gundi ya vibandiko hivi ni kali, lakini hata gundi kali haishiki juu ya damu, jasho na nywele. Futa kwa nguvu, mara mbili, ndipo ubandike wakati mtu anatoa pumzi. Halafu mtazame. Akizidi kuhema, midomo ikageuka rangi, akahangaika, inua kona ya kibandiko, bana pande za tundu hewa itoke, rudisha. Mwache akae wima akipenda. Ikimlazimu kulala, alale upande ulioumia.

Sindano ya kutoa hewa kifuani itoe. Ni sindano nene ya urefu wa takriban sentimita 8, na mwenye kuitumia lazima atambue dalili za hewa iliyonaswa kifuani, ajue nafasi ipi kati ya mbavu zipi, na ajue mishipa ipi inapita chini ya ubavu. Ikiwa mikononi mwa asiyefundishwa, tundu la pili kwenye kifua kizima ni jambo rahisi mno kutokea. Mwenye mafunzo abaki nayo. Wengine nafasi hiyo waijaze vitu tutakavyovitaja sasa hivi. Mrija wa puani vilevile: una kazi kwa mtu aliyezimia, ila bila mafunzo ni uzito tu. Na kama muuzaji amekuongezea kipampu cha kunyonya sumu ya nyoka, kiache dukani. Hakitoi sumu ya maana na kinaumiza ngozi.

Pengo la kwanza la kifuko ni kitu kilichokwama. Kanuni inajulikana: usikichomoe. Ncha iliyoziba mshipa ikitoka, mshipa unafunguka, na njia ya kutokea hairudii ile ya kuingilia. Inachosahaulika ni kwamba kutokichomoa ni kazi yenye vifaa vyake. Kijiti kilichosimama pajani kikitikisika kwa kila hatua ya wabebaji kinakata nyama ndani kwa saa sita mfululizo. Unahitaji bendeji mbili pana za kukunjwa, upana wa sentimita 10, na plasta ya kitambaa ya sentimita 2.5 yenye urefu wa kutosha. Zungushia shashi kavu kuzunguka shina la kitu, weka bendeji hizo mbili zikiwa bado zimeviringishwa, moja kila upande, zifikie kimo kinachozuia kitu kisiyumbe, kisha funga kwa plasta na bendeji ya tatu ukipita pembeni bila kukibonyeza. Kikiwa kirefu mno kwa machela, kishikilie kwanza namna hiyo, mtu mmoja abane shina kwa mikono miwili, mwingine akikate kwa msumeno mwembamba na kubakiza kama kiganja kimoja nje. Kukata kwa kupiga ni marufuku. Banzi la kukunjwa aina ya SAM, yaani kipande cha kufungia kiungo kisijongee, linalopita kiungo cha juu na cha chini hukamilisha kazi, maana kitu hakitulii kama goti linakunjwa.

Yapo matukio machache ambapo kinatolewa. Kimepita shavuni na kinaziba pumzi au damu inamiminika kooni. Kimekaa mahali panapozuia kubonyeza kifua cha aliyesimama moyo. Au kimemshikamanisha mtu na kitu kisichoweza kukatwa wala kuhamishwa, na kumwacha hapo ni kifo. Shashi ya kushindilia iwe wazi mkononi kabla ya kuvuta. Miiba na ndoano zilizokaa juujuu nyamani ni habari nyingine, hizo hutolewa, ila si karibu na jicho. Na jicho lenyewe likichomwa halibonyezwi hata kidogo: linafunikwa kwa kitu kigumu chenye uwazi ndani, kinachoegemea mifupa kuzunguka jicho. Kikombe cha plastiki kilichokatwa kitako kinatosha. Kinga halisi ya jicho ni kipande cha alumini chepesi kuliko kalamu, na haieleweki kwa nini vifuko vingi havina.

Matumbo yakitoka nje usiyasukume kwa nguvu kuyarudisha. Yafunike kwa shashi safi iliyoloweshwa maji safi, juu yake plastiki isiyopitisha maji, mkunje magoti alale chali, na mtunzie joto. Tundu la shingoni linavuja damu na pia linaweza kuvuta hewa ndani ya mshipa. Lizibe kwa kitu kisichopitisha hewa na ugandamize upande huo mmoja tu.

Pengo la pili ni kuosha. Ncha huingia na nyuzi za nguo, udongo, ganda la mti, na tundu jembamba hujifunga juu na kuvizuia ndani. Ongeza sirinji ya mililita 20 hadi 60 yenye ncha ya plastiki isiyo kali, na hesabu maji ya kunywa yaliyo safi, nusu lita hadi lita moja kwa kidonda kimoja. Maji ya mto yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 juu ya mita 2,000, yapoe ndipo yatumike. Kidonda kilichopanuka unakipiga maji kwa nguvu kutoka sentimita chache. Tundu jembamba usilichomeke ncha ya sirinji ndani ukasukuma: maji hayana pa kutokea, yanapenya katikati ya misuli na kubeba uchafu mbali zaidi. Lifungue mlango kwa vidole, mwagilia juu yake kwa mkondo laini, acha litoe damu kidogo, toa kinachoonekana kwa kibano, basi. Peroksaidi na spirti visiingie ndani. Vinaua nyama iliyo hai. Iodini ya povidoni ya asilimia 10 ipunguzwe, sehemu moja kwa tisa za maji, iwe rangi ya chai nyepesi. Kidonda kilichoshindiliwa shashi kikaacha kuvuja hakioshwi kabisa, hata ukijua ni kichafu. Damu kwanza, usaha baadaye. Kilichotokana na meno ya mnyama kinaoshwa kwa sabuni na maji dakika 15 kwa ajili ya kichaa cha mbwa, na chanjo itafutwe mara moja.

Uzi wa kushona, gundi ya ngozi na vibanio vya ngozi tunavitoa pia. Tundu lililozibwa juu ni chungu cha usaha. Liache wazi, weka shashi yenye unyevunyevu juu, kavu juu yake, na ubadilishe kila siku, au mapema ikilowa. Hesabu ndiyo inayokuonyesha kifuko kilivyo kidogo: ikilowa ukabadilisha mara mbili kila siku, siku mbili zinataka vipande vinane vya shashi vya sentimita 10 kwa 10, jozi nne zaidi za glavu za nitrili, na mizunguko miwili ya shashi ya kawaida kama akiba.

Chora mpaka wa wekundu kwa ile kalamu na uandike saa kando. Wekundu ukivuka mstari, michirizi myekundu ikapanda kuelekea kinena au kwapa, homa ikaja, au maumivu yakawa makubwa kuliko kinachoonekana, safari ya kutoka haingoji asubuhi. Ngozi ikisikika kama inachakarika chini ya kidole, kuna gesi ndani, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Meno ya paka na mbwa huleta maambukizi ndani ya siku moja. Vingine huchukua siku mbili tatu. Mchomo uliopita soli ya raba ya kiatu na kuingia unyayoni una mdudu wake, Pseudomonas aeruginosa, ambaye amoksisilini haimwezi, na huvamia hadi mfupani. Tundu lililo juu ya goti au kwenye kiungo cha kidole cha mkono lichukuliwe kuwa limeingia kiungoni mpaka daktari aseme vinginevyo. Kwa sababu hizi, antibiotiki za kubeba zipangwe na daktari kabla ya kuondoka, akijua mzio wa kila mmoja na urefu wa safari. Amoksisilini iliyochanganywa na klavulanati ndiyo inayoandikwa mara nyingi kwa meno ya wanyama. Pepopunda haina haja ya kubebwa dawa: chanjo iwe ndani ya miaka 5, maana kwa kidonda kichafu cha kutobolewa hapo ndipo dozi ya nyongeza inapotakiwa, wakati kwa kidonda safi ni miaka 10.

Dawa ya maumivu iwe parasetamoli, gramu 1 kwa mtu mzima kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Aspirini na ibuprofeni zinalegeza mgando wa damu. Si za mtu aliyetoka kuvuja.

Blanketi linalong'aa tusilidharau, ila peke yake halifai kitu. Mtu aliyelala chini anapoteza joto kwa ardhi, na mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 damu yenyewe hushindwa kuganda vizuri, shashi yako hata iwe ya bei gani. Chini yake liwe godoro la kulalia, nguo zilizolowa zikatwe, begi la kulalia juu, na blanketi lile liwe ganda la nje la kuzuia upepo na mvua. Hili lifanyike mara tu damu inapokoma, hata mchana wa jua.

Mpangilio wa ndani ya kifuko unatufanya tupunguze alama. Watengenezaji wengi hufunga kila kitu kwenye plastiki iliyonyonywa hewa, na glavu zenye damu hazishiki alama ndogo ya kuchania. Bandika kipande cha plasta kilichokunjwa kikawa kishikio kwenye kila pakiti, pande mbili, bila kuipasua. Glavu ziwe juu kabisa. Tonikweti isikae ndani. Ifungwe nje ya mkoba, kitanzi kikiwa kimefunguliwa tayari, lakini isiachwe juani miezi na miezi kwa kuwa plastiki huchoka. Vyote vya saa ya pili na kuendelea, yaani sirinji, shashi za kubadilisha, iodini, bendeji za kukunjwa, dawa, viwe kwenye mfuko wa pili wa plastiki unaofungika, usichanganywe na vya dakika za mwanzo, asije mtu akachimba kutafuta shashi ya damu kati ya vidonge.

Karatasi moja isiyoloana ikae humo pia, na mistari yake iwe imeandikwa mapema: saa ya kuumia, kitu gani, kimeingia wapi na kwa kina gani, bado kimo au kimetoka, saa ya tonikweti, pakiti ngapi za shashi ziko ndani ya kidonda, mapigo na pumzi kwa dakika kila nusu saa, dawa zilizotolewa na saa yake, mzio, mwaka wa chanjo ya pepopunda. Ujumbe wa setilaiti una nafasi ya maneno machache, na waokoaji watauliza mambo hayohayo, karibu kwa mpangilio huohuo.